Mtu wa Maji

Kazi yangu mimi ni kuogelea Dodoma. Ukisema hivyo mbele ya watu wazima wenye akili zao, watasogea pembeni kwenye benchi, maana wanajua umeshaanza. Dodoma hii hii ya vumbi, ya upepo unaokujaza mchanga mdomoni ukijaribu kumsalimia jirani, ambayo mtu akisikia bomba linakoroma alfajiri anaruka kitandani na ndoo mkononi. Humo humo ndimo mimi naamka, nakunywa chai yangu na maandazi mawili, napanda bodaboda, naenda kuzama.

Pana jengo kubwa barabara ya kwenda Ihumwa, lina paa la bluu, na ndani yake wamejaza maji ya chumvi na samaki wa baharini. Jina lake rasmi ni refu, tena la Kiingereza, na sijawahi kusikia mtu akilimaliza. Watu wa mji walilibatiza wenyewe siku ya kwanza tu: Baharini. Tukutane Baharini. Nishushe Baharini. Kuna mama anauza zabibu pale getini, ameandika kwenye kibao chake "Zabibu za Baharini", na zabibu zenyewe amezichuma shambani kwake huko nyuma ya reli. Hakuna anayeshangaa. Wanaoshangaa ni wageni wa treni kutoka Dar es Salaam, ambao nao nawashangaa mimi, maana wameacha bahari nzima imelala bure nyumbani kwao, wakaja huku kukata tiketi waitazame kwenye kioo.

Lakini siwacheki sana. Mimi mwenyewe ni Msukuma wa Magu, nimekulia ukingoni mwa ziwa, nimejua kuogelea kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Nikaacha ziwa lote lile nikaja kutafuta maji Ugogoni. Nani wa kumcheka mwenzake hapo?

Kazi yenyewe ni hii: kuosha vioo kwa ndani, kulisha samaki, na mara mbili kwa siku, saa tano na saa tisa, kufanya onyesho kwenye tangi kubwa. Navaa nguo ya mpira inayobana kuanzia shingoni hadi magotini, nafunga mtungi wa hewa mgongoni na mapezi miguuni, nashuka na mfuko wa ngisi waliokatwakatwa. Papa wawili, taa wanne, kasa mmoja mzee mwenye uroho usioelezeka, chewa mkubwa kama gunia la mpunga, na changu wasiohesabika, wote wananijia. Nje ya kioo anakaa dada mmoja na kipaza sauti, anawaeleza watu wanachokiona. Nikiwa ndani sisikii neno lake hata moja, ila kaseti yake naijua yote kwa moyo. Akinyoosha mkono kushoto, anasema habari za papa. Akishika kiuno, anasema kasa huishi miaka mingi kuliko babu zenu. Na akininyooshea mimi kidole halafu watu wote wakacheka, basi ujue amefika pale anaposema, "Na huyu mnayemwona hapa, akina dada, bado hajaoa."

Nilishamwambia aache. Alisema hiyo ndiyo sehemu watu wanayoipenda.

Mchumba wangu nilimpata kwa kipaza sauti hicho hicho. Yeye ni Mgogo wa Bahi, anafanya kazi masjala katika wizara moja hapa mjini, na siku hiyo alikuja na wenzake wa ofisini. Wakati wa maswali watu wanauliza mambo ya maana, papa ana meno mangapi, maji yanatoka wapi. Yeye akanyoosha mkono akauliza kwa utulivu kabisa: huyo mwanaume naye analishwa saa ngapi? Nilipopanda juu nikasimuliwa. Sikungoja hata kukauka. Nilitoka mbio na taulo shingoni, nikamkuta kwenye kibanda cha soda, nikamwambia mimi hulishwa saa saba mchana na leo bado. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema Wasukuma bwana, hata samaki hawawatoshi. Sisi na Wagogo ni watani, kwa hiyo sikuwa na pa kushtaki. Nikanunua chipsi mbili. Yaani nilikuwa nimekwisha, hata sipingi.

Mambo yalipoiva nikatafuta mshenga. Nilimchukua baba mwenye nyumba wangu, mzee wa Kigogo mwenye heshima zake, msemaji hodari, mtu anayeweza kukuuzia mbuzi wako mwenyewe ukamshukuru. Akavaa koti, akachukua barua ya posa, akaenda Bahi. Jioni alirudi anang'aa, kuku wa watu tumboni, akaniambia mambo ni moto. Nikamuuliza walisema nini. Akasema waliuliza kijana anafanya kazi gani, naye akawajibu kwamba kijana ni mtu wa maji.

Nikamuuliza, hukuwaeleza ni maji gani? Akasema mshenga kazi yake ni kuunganisha, maswali madogo madogo ni ya mahakamani.

Sasa wewe msomaji kama hujakaa huku kwetu huwezi kujua lile neno lilifanya nini. Bahi mvua ikiwa nzuri ni bwawa tupu, watu wanalima mpunga na kuvua kambare. Mvua ikigoma, hata mate ni ya kubana. Huko mtu wa maji ni mmoja tu: yule anayekuja na gari na mtambo, anatoboa ardhi, maji yanaruka, akina mama wanapiga vigelegele na watoto wanaoga na nguo zao. Mtu wa maji anapewa kiti chenye mgongo. Kumbe mshenga wangu alipotamka hilo neno, vigelegele vilipigwa hapo hapo, na mjomba mmoja akauliza kama kijana ataanzia kisima cha kanisani au cha shuleni. Mzee wangu akawaambia kijana hana ubaguzi.

Haya. Baba wa binti akasema ng'ombe yeye atawapokea, ila neno la mwisho ni la mama. Na mama si mtu wa kupelekwa na vigelegele. Akamtuma mpwa wake mjini aende ofisi ya maji akaniulizie. Mpwa akaenda, akapekuliwa daftari lote, jina langu hakuna. Akaenda ofisi nyingine, hakuna. Akarudi Bahi na jibu hilo. Kuanzia siku hiyo mimi nikawa tapeli.

Mchumba wangu alijaribu kumweleza. Akamwambia mama, yule kweli yuko kwenye maji, anaogelea na samaki. Ndiyo akaharibu kabisa. Mama akauliza: analipwa? Akaambiwa analipwa. Akauliza: kwa kuogelea? Akaambiwa ndiyo. Akasema mwanangu, huyo amekuloga, tutafute maombi. Barua yangu akaichomeka ndani ya Biblia, kati ya Ayubu na Zaburi, akafunga. Miezi mitatu barua haijajibiwa. Nilikuwa nakonda ndani ya nguo ya mpira mpaka ikaanza kuingiza maji. Nilimpenda yule binti hadi nikimwona mtu kavaa njano barabarani nageuza shingo, kwa sababu yeye hupenda njano. Na bila neno la mama yake hakuna ndoa, hilo aliniambia wazi huku analia: yeye hawezi kuolewa mama amenuna.

Mwisho akapata wazo. Akina mama wa kwaya ya Bahi, mama yake akiwamo, walikuwa wanakuja mjini kwenye kongamano la kanisa siku ya Jumamosi. Wakimaliza saa nane, atawaleta Baharini kwa onyesho la saa tisa. Mama aone jengo, aone samaki, aone mtu mwingine akilisha, aelewe kwamba kazi ipo, haijatungwa. Kwanza kazi, mtu baadaye. Mimi Jumamosi hiyo nilikuwa na mapumziko, zamu ilikuwa ya mwenzangu. Mpango ulikuwa mzuri sana, hata sasa nikiufikiria sioni kasoro.

Isipokuwa sikio. Mwenzangu aliamka na sikio linauma, na mtu wa sikio hazami. Nikapigiwa simu saa tatu asubuhi nimshikie zamu. Nikampigia mchumba wangu, simu imezimwa, yuko ibadani. Nikajipa moyo: wao wanakuja saa tisa, mimi nitafanya la saa tano, kisha nitamwambia meneja naumwa tumbo, nipotee. Nani angejua kwamba siku hiyo, kati ya siku zote alizoumba Mungu, mchungaji angefupisha mahubiri? Tangu nizaliwe sijawahi kusikia mchungaji amefupisha mahubiri. Siku hiyo alifupisha. Ibada ikaisha saa nne, na basi la kwaya likaona lianze na Baharini kabisa.

Mimi niko chini, mita sita, na furaha yangu, nawagawia changu ngisi. Ukumbi umejaa. Dada wa kipaza sauti ameshanyoosha mkono kushoto, ameshashika kiuno. Mara kwenye umati nikaona gauni la njano. Jamani, akili iliniruka. Sikujiuliza kwa nini yuko hapa saa hizi, sikujiuliza chochote. Mwanaume akimwona mchumba wake anakuwa mjinga papo hapo, mimi sikuwa wa kwanza. Nikaogelea hadi kwenye kioo mbele yake kabisa, nikapiga viputo vya duara kimoja ndani ya kingine, kitu nilichojifunza kwa miezi, nikajipindua kichwa chini miguu juu, nikatikisa mapezi, nikabandika kiganja kwenye kioo kama ninavyofanya kila akija. Kawaida na yeye hubandika chake. Siku hiyo hakubandika. Alikuwa amekodoa macho, mkono mdomoni.

Pembeni yake alisimama mwanamke wa makamo, kitenge cha kwaya, kitambaa cheupe kichwani, paji la uso lile lile la mchumba wangu, na mwanya ule ule. Na nyuma yake akina mama wengine kama ishirini, vitenge vya namna moja.

Mimi huyu, kichwa chini, kwenye nguo iliyonibana kila kitu alichonipa Mungu, natikisa miguu mbele ya mama wa watu. Nikajigeuza haraka. Nikataka kusema shikamoo. Sasa shikamoo utaisemaje na mpira wa hewa mdomoni? Nilitoa viputo. Nikajaribu tena, viputo zaidi. Nikapiga goti ili ajue nina adabu, lakini majini ukipiga goti mapezi yanakuinua nyuma, nikajikuta naelea kifudifudi, makalio juu, namwamkia.

Hapo ndipo yule dada akaninyooshea kidole, na ukumbi mzima ukacheka. Bado hajaoa.

Mama akanitazama kwenye miwani yangu, akamtazama binti yake, akanitazama tena. Nikaona anaelewa. Akavuta kitenge cha begani akajifunika nacho kichwa, akageuka, akakipa kioo mgongo. Mwenzake wa pembeni akamuuliza kitu sikioni, akajibiwa, na yeye akageuka. Wa tatu akageuka. Wakaenda hivyo hivyo kwa safu, mpaka kwaya nzima ya Bahi ikawa imenipa mgongo.

Nimepewa mgongo, nikajiambia. Basi tena. Kuna watu hukataliwa kwa barua, wengine kwa simu, mimi nimekataliwa na migongo ishirini mbele ya watalii.

Nikakimbilia nyuma ya jabali. Tuna jabali la saruji katikati ya tangi, limechorwa matumbawe, mtu anaenea. Nikajibanza pale nikiwa na nia ya kukaa hadi mwisho wa dunia. Kumbe nimesahau mfuko wa ngisi uko kiunoni. Changu wote wakanifuata. Taa wakanifuata. Chewa akaja akasimama nje ya maficho yangu kama askari wa getini. Na yule kasa mzee, kasa asiye na haya hata kidogo, akashika kamba ya mfuko kwa mdomo akaanza kunivuta nje. Mimi navuta ndani, yeye anavuta nje. Watoto nikawaona wanaruka kwa furaha mbele ya kioo, walidhani ni sehemu ya onyesho. Baadaye niliambiwa dada wa kipaza sauti aliwatangazia kwamba leo kijana ana mbwembwe mpya, na kwamba mficha uchi hazai.

Upande wa pili wa kioo napo hapakukalika. Dada akaona akina mama wamegeuka, akadhani wanamwogopa papa. Akawasihi wasiogope, kioo hiki hakipasuki, ni kinene kuliko ukuta wa nyumba. Hakuna aliyegeuka. Sasa watu wengine, si unajua binadamu, wakaona akina mama ishirini wamesimama wima wanatazama ukuta wa nyuma, wakadhani huko kuna kitu kikubwa zaidi. Familia moja ikageuka. Wanafunzi wakageuka. Watalii wa treni wakageuka na simu zao juu. Nikachungulia kutoka nyuma ya jabali nikakuta ukumbi mzima umenipa kisogo, umekazana kutazama ukuta ambao hauna chochote isipokuwa kibao kinachoelekeza chooni.

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilikuwa nimepoteza mke, lakini nilicheka mpaka miwani ikaingia maji. Ukicheka unamaliza hewa haraka, na mshale wa mtungi ukaanza kukaribia wekundu. Nikasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamwachia kasa mfuko wake, nikapanda ngazi.

Nilipojifuta na kuvaa, suruali ilikuwa kavu, shati likanishika mgongoni kwa maji. Nilifikiria kutokea mlango wa nyuma, nipande bodaboda, nirudi Magu moja kwa moja. Miguu ikakataa. Nilitaka angalau yule mama asikie kwa mdomo wangu kwamba mimi si tapeli. Anikatae kwa ubaya wangu wa kweli, si kwa ule wa kusingiziwa.

Nikawakuta karibu na mlango wa kutokea, kwaya imetulia kwenye viti, yeye amesimama kando ya nguzo kubwa ya saruji. Aliponiona natokea akageuka tena, akaegemeza mgongo nguzoni. Hata uso wangu hautaki. Nikasimama upande wa pili wa nguzo hiyo hiyo. Mchumba wangu akaja akasimama kati: akitazama huku ananiona mimi, akitazama kule anamwona mama yake. Macho yake yalikuwa mekundu na midomo inamcheza, sikujua kama amelia au amecheka. Nadhani vyote.

Nikamwomba ampe mama shikamoo yangu. Akamwambia mama, anasema shikamoo. Mama akasema mwambie marahaba. Akageuka akaniambia anasema marahaba. Nilikuwa nimeisikia vizuri tu, tulikuwa hatuko mbali hata hatua mbili. Kuniongelesha hataki, nikawaza, ananisemea kwa mkalimani.

"Mwambie," mama akasema, "niliambiwa ni mtu wa maji. Sikuambiwa ni wa ndani ya maji."

Sauti haikuwa na hasira wala haikuwa na kicheko, ilikuwa ya mtu anayepima mchele. Hapo mdomo wangu ukafunguka ukakataa kufungika. Nikasema mwambie mama naomba radhi, sikupaswa kuwepo leo, ni sikio la mwenzangu, na ni mchungaji. Mwambie sikuwahi kumwambia mtu kwamba nachimba visima. Mwambie lakini kuchimba naweza kujifunza. Mwambie najua pia kuchomelea mageti, na kwetu tulilima mpunga kama wao, na viputo vile vilikuwa vya mapenzi, sikuwa nikimdhihaki mtu. Mwambie ile nguo siyo yangu, ni ya kazini. Mchumba wangu alifikisha labda robo. Alipofika kwenye nguo akashindwa, akaziba mdomo kwa mkono.



Kabla mama hajajibu akafika dada wa kipaza sauti, katumwa na meneja. Akamwamkia mama, akasema ofisi inaomba samahani sana, wameona akina mama hawakufaidi onyesho, basi wanakaribishwa la saa tisa bila kulipa tena. Halafu akauliza kwa adabu, maana lilimkaa rohoni: mama, kwani tuliwakosea nini hata mkatupa mgongo?

Mama akasema hawakukosewa na mtu.

"Mkwe hatazamwi," akasema.

Dada yule alitikisa kichwa kana kwamba ameelewa, akaondoka kumpelekea meneja jibu. Mimi nilibaki nimeshika saruji. Sijui lilinipitaje, maana hata kwetu Magu ni hivyo hivyo: mama akikutana na mkwe wake njiani anaacha njia, anapita porini, kwa heshima. Mtu baki hamkimbii. Mtu baki anamtazama mpaka achoke. Nilijua hayo tangu nikiwa mtoto, na nilipofanyiwa mimi nikadhani nimefukuzwa.

Mchumba wangu alikuwa amekauka. Akamtazama mama yake, akazungumza polepole, kama anaogopa kulishtua lile neno likaruka.

"Mama, barua bado hujaijibu."

"Nilipoona kazi ipo, nimeijibu. Nimesimama pale na mgongo wangu, na kwaya nzima nyuma yangu. Ulitaka na kalamu?"

Binti akatikisa kichwa kwamba hapana.

"Angekuwa si mkwe wangu ningemtazama kama hao wengine," mama akasema. "Kiingilio nimelipa."

Vigelegele vilianzia kwenye viti. Mmoja, halafu wote, vikapanda mpaka paani, watalii wakarudi mbio na simu zao. Mchumba wangu alikaa chini sakafuni na gauni lake la njano akalia kwa sauti. Mimi nilitaka nizunguke ile nguzo nimwangukie mama miguuni, nimshike mikono, nimwambie asante mara mia. Nikapiga hatua moja, nikasimama. Nitamwonaje? Yeye ni mama mkwe wangu.

Nikaikumbatia nguzo. Niliizungushia mikono yote miwili kadiri ilivyofika, nikaweka shavu kwenye saruji, na upande wa pili nikamsikia anacheka.